Maharage hayajaiva, makala yamekwisha

Mama mmoja wa Ndosho, hapa Goma, ameniandikia. Anauza mbabula, yaani majiko ya makala (mkaa), ambazo mume wake anazitengeneza kwa bati na udongo wa mfinyanzi, zile zinazokula makala kidogo kuliko mbabula ya bati tupu. Mdogo wake alimwambia kwamba tangazo lisilogusa moyo haliuzi. Basi akaandika hili, akalituma katika makundi manane ya WhatsApp:

"MBABULA YA KISASA! Bora kuliko zote! Furaha na upendo kwa kila familia! Mama, usikubali watoto wako wafe kwa moshi! Nunua leo kabla hujachelewa!!!"

Baada ya siku tatu alihesabu alama za moyo kumi na saba, mikono ya kuombea minne, na mnunuzi mmoja, ambaye ni wifi yake. Mama mwingine alimjibu kwa hasira: "Unatutishia kifo, sisi ambao tumekwisha kukiona?" Anauliza: nilikosea wapi, na maneno ya kugusa moyo yanatumiwaje mpaka mtu atoe pesa?

Mama, asante kwa kuniletea tangazo lenyewe, maana swali tupu lingenipa kazi ya kubahatisha. Nianze na jambo ambalo pengine hukulitarajia. Ndani ya ujumbe wako mna matangazo mawili. Moja ni hilo la herufi kubwa. La pili uliliandika bila kujua, pale chini, ulipokuwa unanieleza mliingiaje katika kazi hii. Ninalirudisha kwako kama lilivyo (kwa wasomaji wa mbali: kaye ni daftari la shule, dikte ni imla):

"Siku moja makala iliisha na maharagi haiyaiva. Franga hapana. Nikakamata kaye ya mutoto ya mwaka yenye ilipita, nikachana karatasi moja moja nikaweka ku moto. Mutoto akasema: Mama, hii njo ile ya dikte yenye nilipata tisa ku kumi. Njo bwana yangu akaanza kutafuta mbabula ingine."

Nimeisoma mistari hiyo mara tatu. Haina neno "huzuni", haina "upendo", haina alama hata moja ya mshangao. Lakini mama yeyote wa mji huu aliyewahi kukusanya makala ya mwisho katikati ya mbabula kwa ncha ya kisu, huku akifunua sufuria kila dakika na kubonyeza punje moja ya haragwe kwa kidole, atafika kwenye ile tisa ku kumi na kifua kimembana. Mimi kimenibana.

Angalia ulichofanya. Hukumwambia msomaji ahisi nini. Ulimpeleka jikoni kwako, ukamwonyesha karatasi, ukamsikilizisha mtoto, ukanyamaza. Uchungu aliuleta yeye mwenyewe kutoka kwake, maana anao. Wauzaji wengi hudhani kazi yao ni kumtia mteja hisia kama mtu anayejaza maji kwenye kibuyu. Mteja wako haji mtupu. Mama anayenunua makala ya mfuko mdogo kila jioni anajua hasira, anajua aibu ya kuazima kwa jirani, anajua raha ya sufuria inayochemka bila kuangaliwa. Wewe unahitaji tu kutaja ile saa ambapo hisia hiyo humjia.

Sasa rudi kwenye tangazo la kwanza. "Furaha na upendo kwa kila familia." Neno furaha limo kwenye mabango ya bia, ya simu, ya sabuni na ya mahubiri. Limepita mikono mingi mpaka limechakaa kama noti ya faranga 500 ya sokoni: bado ni pesa, lakini hakuna anayeitazama. Jina la hisia halileti hisia. Na ukisema kila familia, hakuna familia inayogeuka. "Bora kuliko zote" nayo inamfanya mtu aulize zipi, nani alipima, na kabla hajapata jibu amekwisha kupita kwenye ujumbe mwingine.

Kuna jaribio moja ninalolikumbuka kila ninapoandika tangazo. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha utafiti wa namna watu wanavyotoa sadaka. Kundi moja lilionyeshwa habari za msichana mmoja wa Mali wa miaka saba, Rokia, mwenye njaa. Kundi lingine lilipewa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa barani Afrika. Waliosoma kuhusu Rokia walitoa wastani wa mara mbili na zaidi. Kilichoshangaza ni kundi la tatu, lililopewa Rokia pamoja na takwimu: sadaka yao ilishuka karibu na ya wale wa takwimu tupu. Umati ulimfunika mtoto. Kwa hiyo kaye moja, dikte moja, sufuria moja. Usiongeze "kama mamilioni ya akina mama wa Kongo". Ukiongeza, umeiua.

Nikae kidogo kwenye lugha yenyewe, maana hapa tuna utajiri tusioutumia. Tunapoandika tangazo tunavaa Kiswahili cha taarifa ya habari, au tunachomeka Kifaransa ili bidhaa ionekane ya maana. Hivyo vyote vinaweka meza ndefu kati yako na mnunuzi. Ulichoniandikia mimi kilikuwa Kiswahili cha Goma, cha mlangoni, na ndiyo maana kiliingia. "Yenye ilipita", "njo ile", "ku moto": mama wa Ndosho akisoma hayo anasikia sauti ya jirani yake. Usiyasahihishe. Kama ungekuwa unauza Dar es Salaam ningekushauri vingine.

Kisha kuna viambishi vidogo vinavyofanya kazi kubwa. Kwetu ka- hubeba huruma na mapenzi. Ukisema "kamoto kanazima" mtu anaona jinsi kalivyo kadogo, anaona hata wewe ulivyoinama kukapuliza. Kuna vitenzi vya kutendea: "pika maharage" ni amri ya jikoni, lakini "wapikie watoto maharage" imeingiza watu ndani ya sentensi, na wamekaa wanasubiri sahani. Kuna takriri, kama ile yako ya "karatasi moja moja", ambayo inatuchosha kama ulivyochoka wewe usiku ule. Na kuna maneno ya mlio na hali: jikoni kimya ji, sufuria nyeusi ti, mtoto amelala fofofo bila kula. Neno moja la namna hiyo, likiwa mahali pake, linazidi "inasikitisha sana" kumi. Weka moja tu, usimwage.

Tufike kwenye sentensi iliyomkasirisha yule mama: "Usikubali watoto wako wafe kwa moshi."

Hofu ina nguvu, ndiyo maana kila muuzaji huikimbilia. Lakini iangalie kwa karibu inavyofanya kazi. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale vijitabu kuhusu pepopunda. Vingine vilikuwa na picha na maneno ya kutisha sana, vingine vilikuwa vya upole. Waliosoma vya kutisha waliogopa zaidi na walisema kwa nguvu zaidi kwamba watachanjwa. Hofu ile peke yake haikuwafikisha kwenye sindano. Tofauti ililetwa na kitu cha kawaida kabisa: baadhi yao walipewa ramani ya chuo ikionyesha kituo cha afya kilipo, pamoja na saa za chanjo, wakaombwa wapange watapita lini. Waliopata maelekezo hayo, takriban asilimia 28 walichanjwa. Wasioyapata, asilimia 3.

Tangazo lako lina kifo na halina njia. Halina mahali, halina bei, halina namba ya simu, halina siku. Wale walioweka alama ya moyo na mikono ya kuombea hawakukudharau, Mama. Ulitangaza msiba, wakakupa pole.

Na unaandika Goma. Mji huu uliikimbia lava ya volkano Nyiragongo Januari 2002, ukaikimbia tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, watu wakatembea na magodoro kichwani kuelekea Sake, na Gisenyi ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Vita sivihesabu, unavijua. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alichambua hisia moja moja akifundisha wasemaji, na kuhusu hofu alisema jambo ambalo nadhani linatuhusu kuliko linavyowahusu wengine: ili mtu aogope lazima abakiwe na tumaini fulani la kuokoka, na wale wanaoona wamekwisha kupatwa na mabaya yote hupoa, hawatishiki tena. Yule mama aliyekujibu kwa hasira alikuwa anakuambia hilo hilo kwa Kiswahili.

Nami nililijifunza kwa kosa langu. Baada ya mlipuko wa 2021 mabomba yaliharibika na maji yakawa shida. Mfanyabiashara mmoja aliniomba tangazo la redio kwa maji yake. Niliweka kipindupindu katika sentensi ya kwanza na sauti ya mtoto anayelia chini yake. Maji yalinunuliwa haraka, siku mbili. Siku ya tatu mama mmoja alinisimamisha mtaani Katindo akaniambia kwamba tangu mtoto wake wa miaka mitano asikie tangazo lile, amekataa kunywa maji yoyote, hata yale yaliyochemshwa nyumbani mbele ya macho yake. Nilirudi redioni mchana uleule nikaliondoa. Kuanzia siku hiyo sijatumia kifo cha mtoto kuuza kitu, na sitatumia.

Sababu ya pili ya kuiacha sentensi yako ya moshi ni nzito zaidi: haisemi kweli. Mbabula ya mume wako inapunguza makala, na hilo ni jambo jema. Lakini makala yanayowaka, hata usipoona moshi, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo inayoua watu wanaolala na mbabula chumbani huku dirisha limefungwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majiko ya nyumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mbabula yenu haijaondoa hatari hiyo. Mama akikuamini kwamba sasa watoto wako salama, usiku wa baridi ataiingiza ndani. Kwa hiyo ninakuomba, na hapa sikuachii uchague, kila mbabula itoke kwenu ikiwa imeandikwa kwa rangi: usilale nayo ndani. Utaona kwamba maneno hayo yenyewe yanafanya watu wakuamini katika mengine, maana wamezoea wauzaji wanaoficha.

Aibu niipite haraka. Kuna matangazo yanayouza kwa kumfanya mtu ajione duni: wewe unanuka, ngozi yako ni mbaya, mama mkwe atakucheka. Mbinu ni ya zamani. Listerine, dawa ya kusukutua mdomo, ilijulikana Marekani miaka ya 1920 kwa kuwafanya watu waone aibu ya harufu ya mdomo. Inauza, ndiyo. Usimfanyie hivyo mama ambaye hana franga ya makala. Katika kisa chako aliyeaibika ni wewe mwenyewe, mbele ya mtoto wako, na umekubali kukisimulia. Hapo msomaji anakukaribia.

Kitu kinachokupa nguvu halali ni hasara. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kunatuuma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyotufurahisha. Kila muuza sokoni anajua hilo bila kusoma. "Utaokoa makala" ni neno la semina. "Makala unayoyachoma bure" linamfikia mtu mfukoni. Lakini ukisema bure, lazima ujue ni kiasi gani, na katika ujumbe wako hukuniambia. Kwa hiyo kabla ya kuandika herufi nyingine, fanya hivi. Azima mizani. Pima maharage kilo moja ya aina moja, yaloweke muda uleule, tumia sufuria ileile na maji yaleyale. Pika kwenye mbabula ya zamani, ukipima makala kabla na yaliyobaki baada ya kuzima. Kesho yake pika kwenye mbabula yenu. Rudia mara tatu, maana siku moja ina upepo na nyingine haina. Jirani asiye na faida yoyote ashuhudie. Namba utakayoipata, hata ikiwa ndogo kuliko ulivyotumaini, ndiyo utakayoiandika. Namba hii haimfuniki mtoto kama zile takwimu za mamilioni, kwa sababu ni ya sufuria ileile.

Hivi ndivyo ningeliandika tangazo, kwa maneno yako (siku ya posho ni Jumamosi):

"Makala iliisha, maharagi haiyaiva. Nilichana kaye ya mutoto wangu, karatasi moja moja, njo maharagi ikaiva. Ilikuwa kaye ya dikte yenye alipata tisa ku kumi.

Bwana yangu akatengeneza mbabula hii. Tulipima: kilo moja ya maharagi, mbabula ya zamani ilikula makala kilo ___, hii ilikula kilo ___.

Kuya uone. Ndosho, kwetu, kila siku ya posho saa tatu ya asubui, maharagi iko ku moto. Bei franga 20,000. Uko na nusu? Tuongee. Simu: ___

Usilale nayo ndani ya nyumba."

Bei ni ileile uliyonitajia. Nimeondoa "nunua leo kabla hujachelewa" kwa sababu hakuna anayechelewa: mbabula zipo, kesho zitakuwepo, na watu wananusa haraka ya uongo. Nimeweka "kuya uone" mahali pa "nunua", maana mama wa hapa hanunui chombo cha jikoni ambacho hajakiona kikifanya kazi. Na lile "tuongee" usilione dogo. Kwa mtu mwenye faranga 10,000 mkononi, hilo ndilo neno lenye huruma kuliko yote katika tangazo zima.

Kabla hujalituma, muulize mtoto. Kaye ilikuwa yake na dikte ni yake. Akisema hapana, andika tu kwamba ulichana karatasi, bila kumtaja. Kisa bado kitasimama. Na usibuni kisa kingine mwezi ujao kikali zaidi ya hiki. Goma ni kubwa, lakini Ndosho watu wanajuana, na siku watakapogundua kwamba ulisimulia machozi yasiyokuwepo, hawatarudi hata kwa bei ya nusu.

Uliuliza pia kama utaje msitu na sokwe, kwa kuwa mdogo wako anasema wazungu wanapenda hayo. Ni kweli kwamba makala mengi ya mji huu yanatoka katika msitu wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kila mbabula inayokula kidogo inapunguza miti inayokatwa. Ninajali jambo hilo. Lakini mama aliyeinama juu ya sufuria saa moja ya jioni hana msitu kichwani, ana watoto wanaouliza chakula kiko wapi. Kwa hoteli, au ofisi inayonunua mbabula thelathini kwa wafanyakazi wake, andika barua nyingine kabisa, na huko msitu uwe katika mstari wa kwanza. Usichanganye barua hizo mbili.

Mwisho, usiwaulize watu kama tangazo limewagusa. Watakujibu ndiyo kwa adabu. Tuma tangazo la kisa cha kaye katika makundi manne, na katika manne mengine tuma lenye mstari wa kipimo cha makala juu na kisa chini. Usihesabu alama za moyo. Hesabu waliouliza njia ya kufika kwenu, waliouliza bei inashuka mpaka wapi, na waliofika. Baada ya siku mbili za posho utajua lipi la kuendelea nalo.

Na siku ya posho ya kwanza, bandika maharage mapema, saa moja, vitunguu viwe tayari pembeni. Saa tatu watu wakianza kupita, harufu iwe imekwisha kufika barabarani.